Muzigo wa Shujaa

Delphine alikaa juu ya gunia lake la viazi ndani ya kamyo, lori la kutoka Nyantende, akijifanya anaangalia mashamba. Kumbe masikio yote yalikuwa kwa wale wawili mbele yake, waliokutana asubuhi ile ile.

Muzee Évariste, askari wa zamani, alivaa koti zito jua kali namna ile, ili medali ipate pa kukaa. "Shujaa ni mutu mwenye hakimbie," akasema. "Kule Abisinia Wataliano walitupiga risasi sawa mvua. Miye nilibaki na bunduki yangu kubwa, ile ya miguu tatu."

Maman Apolline, mwenye kuku mapajani, akamuuliza pole pole: "Papa, ile bunduki ilifika kule namna gani? Ilitembea na ile miguu yake?"

Kamyo nzima ikacheka. Kuku naye akatia neno.

"Wapagazi walibeba," muzee akakubali.

"Bwana yangu alikuwa mupagazi. Alipanda nayo milima, bega yake inapinda mpaka leo. Risasi zilimupitia pembeni, na mukononi hana hata fimbo. Medali yake iko wapi?"

"Maman, kubeba muzigo haiko vita!"

"Basi bila wapagazi mungepigana na ngumi."

Delphine, aliyezoea kuipisha njia medali ile kila sikukuu kijijini, alikalia mikono yake asipige makofi.

Kamyo ikasimama sokoni Kadutu. Évariste akashuka wa kwanza, akanyoosha koti, kisha akageuka kuangalia sanduku lake kubwa lililobaki juu.

"Nani ananibebea?" akauliza.

Kamyo nzima ikanyamaza, hata kuku.