Umeme Wetu Unamwagwa Ardhini

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Kinyozi, na asubuhi hiyo mama wa kahawa alikuwa hajamaliza kupuliza makaa, tayari watu wanafoka. Tulikuwa Kinyozi mwenyewe. Wakili, muuza mitumba ambaye hajawahi kukanyaga mahakama. Babu Tochi, mlinzi mstaafu. Na mimi fundi viatu. Haki ya kufoka tulikuwa nayo. Umeme tunaonunua ulikuwa unakwisha upesi, na nyumba zenyewe zina taa mbili na redio. Sasa Kinyozi alikuwa amemgundua mwizi, tena ukutani mwa nyumba yake.

— Sikilizeni, alisema, koleo mkononi. Umeme unatoka nguzoni, unaingia kwenye mita, mita inakuhesabia. Unakwenda swichi kubwa, unagawanywa: taa, soketi, hita ya bafuni. Mpaka hapo sina ugomvi.

— Enhe.

— Kumbe kuna waya mwingine, wa kijani na njano! Unateremka ukutani, unatoka nje, unazama ardhini. Umefungwa kwenye chuma kilichopigiliwa chini kama kigingi cha mbuzi.

— Na huko chini kuna nini? nikauliza.

— Udongo! Nalipia udongo, jamani!

Moyo uliniwaka. Waya kama huo upo hata kwangu, na kila mwaka naupaka rangi kama mjinga.

— Fundi aliyeuweka alisemaje? Wakili aliuliza.

— Eti ni wa usalama.

— Usalama! Wakili alisimama. Kila ukiibiwa utaambiwa ni kwa usalama wako! Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Umeme uko juu ya nguzo, wenyewe wanaungoja chini. Kuna bomba huko linakusanya, halafu tunauziwa tena. Tunanunua umeme ule ule mara mbili!

— Wewe unaona karibu, Babu Tochi alidakia. Mimi nimelinda maghorofa. Taa zao hazizimiki. Unadhani wanatoa wapi? Wanachota chini, kwetu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na lifti zao zinapanda kwa jasho letu! nikasema. Sijui nililitoa wapi neno hilo, uchungu tu.

Mama wa kahawa aliinua kichwa.

— Na mvua ikinyesha, huo umeme wa chini haulowi?

— Unalowa sana, Babu Tochi alijibu. Unadhani minyoo hutoka mbio kwa nini?

Hapo hata Wakili aliinamisha kichwa kwa heshima.

— Basi mimi sikungoja kamati, Kinyozi alisema. Jana jioni nimeukata. Kacha! Na taa zinawaka vile vile. Tena nasema zimezidi!

Tulimpigia makofi. Nikamwomba aje kwangu na koleo mchana ule ule, Babu Tochi naye akapanga foleni.

Ndipo akatokea mama mkwe wa Kinyozi. Alikuja kumsaidia binti yake kulea kifungua mimba, na kijiweni kwetu hapiti. Tuliinuka, shikamoo zikamiminika. Kinyozi alificha koleo nyuma na kuinamisha macho, mkwe ni mkwe.

— Marahaba wanangu. Samahani baba, nakukatisha mazungumzo.

— Bila samahani, mama.

— Mimi umeme siujui, nauliza tu. Bomba la bafuni jana lilikuwa bomba. Leo nimelishika, limenitetemesha mpaka begani. Nikasema labda uzee. Nikashika tena, likaniuma tena. Na nimeona ukutani kuna waya umekatwa. Ulikuwa unapitisha nini?

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Babu Tochi. Babu Tochi akatazama kikombe.

— Umeme, mama. Ulikuwa unapeleka chini umeme... uliopotea njia.

— Na sasa njia umeikata. Ukipotea leo, utapita kwa nani?

Kila mmoja akajifanya anapuliza kahawa. Wasemaji wote wale!

— Nauliza kwa sababu mwanangu amebeba beseni, anakwenda kumwogesha mtoto.

Kinyozi alichomoka. Tukamfuata, kahawa ikamwagika, na njia nzima Wakili anapiga kelele: Zima swichi kubwa! Zima!

Kinyozi aliizima kwa kiganja kizima. Mkewe alikuwa mlangoni pa bafuni, beseni kavu miguuni, mtoto begani.

— Kelele za nini? Ndiyo kwanza amepata usingizi, nikasema nimwache kidogo.

Kinyozi aliketi sakafuni, mwanamume mzima, akalia kwa sauti. Mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilijikasirikia mwenyewe.

Mama mkwe alifika polepole, akampokea mtoto, akatutazama mmoja mmoja. Hakutuuliza tena. Afadhali angetutukana.