Ua wa Baba Sylvestre Haufunikwi

Baada ya miaka ishirini na sita mbele ya meza ya kuchorea katika ofisi yetu ya ramani za nyumba, Citoyen Ukumu, ambaye sote tunamwita Baba Sylvestre, anastaafu tarehe 31 Oktoba 1987. Wanaodhani ataondoka na ukaidi wake wamekosea. Ametuachia.

Alitoka Mahagi akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza hapa Bunia ilikuwa kupima ghala la mfanyabiashara Mhindi, Mzee Jivraj. Nyuma ya ghala akakuta nyumba yenyewe: vyumba vimeuzunguka ua ulio wazi, upepo unapita, na njia ya kuingilia imepinda ili mpita njia asione ndani. Mzee akamweleza kwamba ndivyo walivyojenga babu zake kule Gujarati, ukuta kwa ukuta, katika mitaa iliyobanana. Sylvestre alikwenda kupima ghala, akarudi na mchoro wa ua.

Ofisi yetu wakati huo ilichora villa tu, nyumba katikati ya kiwanja na jiko ndani. Akina mama walitoa mbabula zao, majiko ya makaa, nje, wakapika mbele ya macho ya barabara nzima. Wakuu wakataka kuwakataza. Baba Sylvestre aliwajibu mkutanoni: “Mama atapeleka mbabula inje hata mumujengee cuisine ya zahabu. Basi ile inje, tuiweke ndani ya nyumba yake.”

Mwaka 1976 akapewa nyumba sita za kuchora kwenye njia ya Bogoro, nadhani ili ashindwe. Nusura ashindwe kweli! Aliuchora ua kama wa Mzee Jivraj, akasahau mvua ya Ituri. Bata wa Mama Scholastique, mpangaji wa kwanza, wakaogelea hadi mlango wa chumba cha kulala. Mji ukacheka. Naye akacheka, kisha akashika sururu, akapitisha mfereji wa matofali chini ya njia ya kuingilia.

Mama Scholastique alipofiwa na mume, matanga yalikaa ndani ya ua wake, moto katikati, bila kuomba kiwanja cha jirani. Waliokuja kumlilia marehemu baadaye walifika ofisini kwetu kuomba nyumba kama ile.

Sasa tuseme wazi. Mkurugenzi ameagiza kwamba Baba Sylvestre akishaondoka, nyua zote zifunikwe kwa manjanja, yaani mabati, ili vyumba viongezeke. Manjanja yameshafika boharini. Lakini paa halijengwi bila mchoro, na mchoro unataka mkono. Emerance, mchoraji mwenzetu, amekataa kuuchora. Baudouin, mchoraji pia, amekataa. Mimi ninayeandika haya nimekataa, na ninaogopa, lakini maji tumeshayavulia nguo.

Karamu ya kumuaga itafanyika Jumamosi uani kwa Mama Scholastique. Mkurugenzi amealikwa, atakula samaki pamoja nasi, juani.

Baba Sylvestre, asante kwa kila mstari. Nenda Mahagi ukapalilie kahawa yako, uzeeke kwa amani. Siku utakayorudi kututembelea, ingia uani, inua macho: mbingu utaikuta palepale ulipoiacha.