Vidonge Alivyovimwaga Fundi Viatu

Benchi lililo nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi hubeba watu wenye majibu ya kila kitu. Leo kahawa imeshamiminwa, lakini Fundi hanywi. Ijumaa, kwa ushauri wa benchi hilohilo, alivimwaga chooni vidonge vya usingizi vya mkewe. Maskini, aliandikiwa vya wiki mbili tu walipomzika binti yao, akavimeza miaka kumi na moja.

— Shemeji anaendeleaje? akauliza Profesa, aliyekuwa karani wa shule.

— Hajalala siku tatu. Anatetemeka, jasho linamtoka. Jana kaniuliza mimi ni nani.

— Safi! Sumu hiyo inatoka. Mwenda pole hajikwai!

— Sumu gani bwana, akadakia Breki, dereva wa malori aliyestaafu. Hizo ni hasira za kunyimwa. Mmwagie maji ya baridi.

— Acha ushamba. Ubongo ulikauka, sasa unalainika upya. Mpe maji ya chumvi, tena mengi!

Fundi aliwachukia wote wawili, akajichukia zaidi mwenyewe, kwa sababu bado alitaka waendelee. Wakinyamaza angebaki na yale macho ya mkewe.

— Breki, si na wewe unavimeza tangu lori lako lipinduke? akauliza Fundi.

— Namezaga.

— Hujawahi kuacha?

Breki akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mara moja. Siku ya nne nikaanguka, povu mdomoni. Daktari alinigombeza kweli: haviachwi ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo, na yeye akiangalia.

— Na Ijumaa ukanyamaza!

— Profesa alikuwa anaongea vizuri, ndugu yangu. Nikaona aibu kujitaja.

Profesa akajimiminia kahawa nyingine.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu alikuwa amesimama pembeni muda wote. Akauliza taratibu:

— Huyo mgonjwa, sasa hivi yuko na nani?

Wakamgeukia Fundi. Asubuhi, kwa kuogopa mkewe asikimbilie duka la dawa, alikuwa amemfungia mlango kwa nje. Alishashika njia mbio, mkono mfukoni, akipapasa ufunguo.