Bwawa Kwanza, Jumba Baadaye: Risala ya Wakazi wa Kerrindale kwa Mheshimiwa Meya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Gwenda Halloran; waheshimiwa madiwani; Shangazi Merle Cobbin, mzee wa wenyeji asilia wa ardhi hii, uliyetufungulia shughuli kwa baraka za wazee wako; majirani zetu wote; na nyinyi watoto mlioambiwa msiingie majini mpaka risala iishe:

MAKARIBISHO

Sisi wakazi wa Kerrindale tunakukaribisha kwa furaha ambayo mtaa huu haujaiona tangu kiwanda cha matairi kifungwe. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, lami inanata kwenye kandambili, na huko nyuma ya jukwaa akina baba wanageuza soseji huku wakibishana nani anaunguza. Tungeweza kukupokea ndani, kwenye kiyoyozi. Tumeona heri tukupokee hapa ukingoni, kwa sababu maji haya yana mkono wako.

Mheshimiwa, ulipokuja kukagua wiki iliyopita ulituambia, "Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Semeni yaliyotokea." Basi tunasema.

HISTORIA YA BWAWA

Bwawa hili lilijengwa na wazazi wetu, enzi kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Wengi tulioketi hapa tulijifunza kuogelea humu. Wengine, ambao hatutawataja kwa kuwa wake zao wapo, walipatia wachumba humu.

Kisha kiwanda kikafungwa. Maduka ya barabara kuu yakafuata, moja baada ya jingine, mpaka likabaki duka la mikate la Bi Hanh na lile la kuweka rehani. Mabango ya nyumba zinazouzwa yakasimama kama magugu. Mapato ya jiji yakashuka, vigae vya bwawa vikapasuka, na halmashauri ikatia kufuli. Hatukuilaumu kufuli. Hali tuliijua.

Tulicholaumu ni kilichofuata. Serikali ya jimbo ilipotoa fedha kwa miji iliyopoteza viwanda, kila mji uliruhusiwa kuchagua mradi mmoja. Wewe, Mheshimiwa, ulichagua jumba jipya la halmashauri, lenye kuta za vioo. Ulisema mji unaoonekana kuchoka haumvutii mwekezaji. Hukuwa na nia mbaya. Ofisi zenu zinavuja, na sote tumewahi kulipia leseni ya mbwa huku ndoo ikidondokewa matone mezani. Lakini katika mkutano wa hadhara Bi Hanh alisimama akakuuliza:

"Mwekezaji akija ataona vioo. Wajukuu wangu wakishikwa na joto, waende wapi?"

Ukamjibu, "Bi Hanh, bwawa halileti ajira."

"Na vioo vinaleta?"

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukaufunga mkutano, na tukarudi nyumbani tukijua tumeshindwa.

YALIYOTUPATA KIANGAZI KILE

Januari joto likapanda mpaka ndege wakaacha kulia mchana. Watoto wetu wakaanza kupenya uzio kwenda kuoga kwenye shimo la machimbo ya zamani, ng'ambo ya reli. Tuliwakataza. Lakini mzazi anayeshinda akitafuta kibarua hawezi kumlinda mtoto kutwa nzima.

Hapa, Mheshimiwa, wenzangu wameniomba nisome polepole, maana jambo hili ni la nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Talia aliteleza kwenye mwamba akazama. Alikuwa na miaka minane. Wenzake walipiga kelele, na kelele hizo zikasikika kwa Salesi Tupou, ambaye alikuwa fundi wa kiwandani, na siku hiyo alikuwa akitembeza mbwa wake kwa kukosa la kufanya. Salesi aliruka na viatu vyake. Alizama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Alipomtoa mtoto, bega lake lilikuwa limevunjika kwa kugonga jiwe, na kwa mkono mmoja uliobaki mzima alimkandamiza kifua, akimpulizia pumzi, mpaka Talia akatapika maji.

Ulikuja hospitali jioni ile, bila dereva wala mpiga picha. Ulimkuta Salesi kwenye korido, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Nami nilikuwepo.

Ulimuuliza, "Ulijifunza wapi kuogelea hivyo, kwenu kisiwani Tonga?"

"Tonga gani, Mheshimiwa. Watu hudhani sisi wa visiwani tunazaliwa tukiogelea. Mimi nimefika hapa mtoto, naogopa hata beseni. Nimefundishwa kwenye bwawa lenu."

"Na yule binti?"

"Yule hajafundishwa. Bwawa limefungwa kabla hajafikia umri."

Ulivua viatu, ukakaa kwenye benchi pamoja nami, na hukuondoka mpaka daktari alipotuambia kwamba mtoto ameniulizia.

Siku madiwani walipopiga kura upya kati ya jumba na bwawa, ukumbi ulijaa mpaka barabarani. Madiwani waligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya kuamua ikawa yako. Diwani mmoja alikuinamia, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, tukasikia sote: "Gwenda, fikiri. Jumba hili ni ndoto yako. Michoro tayari."

Nawe ukasema, "Michoro itakaa kabatini. Mtoto hakai, anakua."

Ukapiga kura dhidi ya mradi wako mwenyewe. Tumeishi na viongozi wengi, Mheshimiwa. Wanaojua kushinda ni tele. Aliyekubali kubadili mawazo mbele ya watu, tumempata mmoja.

MAFANIKIO

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkandarasi alitaka kuja na watu wake. Ulimwambia aajiri wa hapa, au akatafute kazi mji mwingine. Akaajiri wa hapa. Waliofungiwa mlango wa kiwanda ndio waliobandika vigae hivi, na Salesi, bega lilipopona, akawa msimamizi wao. Vijana wetu wamefuzu uokoaji. Ndio wale wenye kofia nyekundu, wanaojifanya hawatuoni. Bi Hanh ameongeza tanuri la pili, na fundi baiskeli amefungua tena duka lake mkabala na lango.

Kwa hiyo, kuhusu lile suala la bwawa kutoleta ajira, tunaomba kwa heshima tuliondoe kwenye kumbukumbu za mkutano.

CHANGAMOTO

Hatuwezi kusema yote yamekwisha. Wapo ambao bado hawajapata kazi. Basi halifiki huku Jumapili, siku ambayo watoto wanalihitaji zaidi. Tena tumesikia minong'ono kwamba kiingilio kitapandishwa ili jiji lifidie gharama. Mheshimiwa, lango lenye kiingilio kikubwa halina tofauti na lango lenye kufuli. Na uzio wa machimbo bado una tundu.

MAOMBI

Tunaomba kiingilio kibaki kilipo mpaka mtaa usimame. Tunaomba basi la Jumapili. Tunaomba tundu lile lizibwe wiki hii, na mafundi wa kuliziba wameketi safu ya pili.

Ombi jingine si letu, ni la wafanyakazi wenu. Waliacha jumba ili sisi tupate bwawa, na bado wanakinga maji kwa ndoo. Fedha ikipatikana, wapeni paa. Hatujasema vioo, Mheshimiwa. Paa.

La mwisho limetoka kwa Talia. Mtoto huyu hajaingia majini tangu siku ile. Tumembembeleza, tumemwahidi aiskrimu, amekataa. Juzi akamsikia Salesi akisema kwamba hata Meya hajui kuogelea, kwa kuwa ulilelewa kwenye shamba kavu la ngano na hukupata nafasi. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi yeye akiingia, na mimi nitaingia."

Darasa la wanaoanza ni Jumanne asubuhi, upande wa kina kifupi. Mwalimu ni Salesi. Vazi la kuogelea tumekununulia, na Bi Hanh ndiye aliyekisia saizi, kwa hiyo lawama zozote ziende kwake. Talia ameketi pale mbele, mwenye fulana ya njano. Anasubiri jibu.

Mwenyezi Mungu akupe maisha marefu, aulinde mji huu, na kila mtoto atakayezama humu aibuke akicheka.

Ni sisi,
Wakazi wa Kerrindale,
kwa sauti ya Noeline Tranter