Wimbo wa Mapacha Niliouimba Tororo

Bwana asifiwe. Na asiyetaka kuniitikia akae kimya tu, kimya nimekizoea.

Ndugu zangu, mimi ni Nafula, mama wa Apio na Odongo. Wengi wenu hapa Busia mnanijua, ingawa ni muda hamjaniona uso. Anayekaa benchi la nyuma kabisa huonekana na anayegeuka, na kanisani humu watu hawageuki. Wazee wamenipa nafasi ya leo ili nitubu juu ya wimbo fulani. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi nisije nikatetemeka nikasema wanayotaka wao. Sitatubu. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyofungua kinywa changu, na nitasema mahali alipokifungulia, mpende msipende.

Nilikuwa soprano wa mbele katika kwaya hii. Nilipomaliza kidato cha nne, Senior Four yetu, nikapata mimba ya kijana wa upande wa Tororo, anaitwa Owori. Tumbo halijaonekana vizuri, joho la kwaya nikavuliwa. Nikawekwa chini ya nidhamu: benchi la nyuma, hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba hata pambio, mpaka nimlete mwanaume tusimame naye mbele tutubu pamoja. Nimlete! Kama mbuzi aliyekata kamba. Owori anaimba besi kanisani kwao mpaka leo, na sijasikia mzee aliyemuuliza kitu.

Nikajifungua hospitali ya Masafu, wakatoka wawili. Ndugu zangu, mnajua mambo ya mapacha, hata nyinyi mnaojifanya hamjui. Kwetu Wasamia, na kwa Wapadhola, watu wa kina Owori, vilevile, mapacha hawapokelewi kimyakimya. Ukoo wa baba unakuja, ukoo wa mama unatoka, wanasimama wakitazamana na kutukanana kwa wimbo. Hawa wanatukana, wale wanajibu, na mtu haruhusiwi kukasirika. Wakichoka wanacheka, wanakula, na mama anatolewa nje na watoto wake. Kabla ya hapo mama wa mapacha haingii nyumba za watu, wala watu hawaingii kwake. Wanaogopa mikosi.

Ukoo wa Owori haukuja. Walituma neno tu kwamba kwao hakuna mapacha, nitafute baba mwingine, pengine wawili, mmoja kwa kila mtoto. Na kanisa likasema hata wangekuja nisithubutu, maana wimbo ule ni wa kipagani. Haya, niambieni nilikuwa nisimame wapi. Ukoo unanikwepa kwa sababu wimbo haujaimbwa. Kanisa linanikwepa na linakataza usiimbwe. Nilikuwa kama gunia lililokamatwa mpakani, Uganda hawalitaki, Kenya hawalitaki, na mvua inalinyeshea.

Nikanyamaza. Nauza nguo za mitumba za watoto, na mnajua soko letu, asiyepiga kelele hauzi. Wenzangu waliita wateja kwa nyimbo, mimi nilinyoosha kidole tu. Hata watoto wangu niliwalaza kwa kuwapigapiga mgongoni bila sauti. Watoto wa soprano! Hilo ndilo lililoniuma kuliko benchi.

Basi tukasikia redioni kwamba kikundi cha maigizo cha Tororo kinatafuta waimbaji. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa jukwaani ambao watu wanaimba maneno yao badala ya kuyasema, habari za wanawake wanaofanya biashara mpakani. Walimtaka mama wa soko asiyenyamazishwa na mtu. Masharti yalikuwa mepesi: njoo siku ya mchujo na wimbo mmoja, uuchague mwenyewe, uimbe bila kinanda, utuonyeshe wewe ni nani. Nilijua moyoni kwamba nikiacha siku ile ipite sauti yangu itakufa, na mimi ndiye nitakuwa nimeizika.

Lakini wimbo gani? Ndugu zangu, hamjui shida ya kuchagua wimbo mmoja wakati nyimbo zote umenyang'anywa.

Rafiki yangu Akinyi, wa ng'ambo ya Kenya, tunayeuza naye meza moja, alisema niimbe ngoma ya mapenzi inayovuma. "Siz, hao waamuzi wanataka kubambwa, si kuombewa," akaniambia, yaani wanataka kuchangamshwa. Nikaujaribu nikianika nguo. Ulikuwa wimbo wa mtu anayependwa. Kila nikifika pale pa kusema usiniache, naona hasira inanipanda.

Mwalimu wa kwaya naye akasikia, akaja akasimama uani. Yupo hapa, anainama. Alinishauri niimbe wimbo wa toba, ili watu wa Tororo wajue nimetoka nyumba ya Mungu, na pengine wazee wakisikia wataanza kulegea. Nikaujaribu nao. Niliuimba vizuri, sitadanganya. Lakini nilijisikia kama nimeenda kuomba kazi nimevaa pingu, na naulizwa zinanipendeza.

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Lumino. Alisimama nje ya mlango, na mtoto wa kaka yake nipo ndani. Nikamwambia, "Shangazi, ingia unywe chai."

"Siingii. Unajua mwenyewe kwa nini."

"Basi utakufa na kiu hapo nje kwa sababu ya wimbo."

"Na wewe utakufa na kiu humo ndani kwa sababu ya huo huo," akasema.

Kisha tukacheka, halafu yeye akalia. Nikamtolea kigoda uani, nikamwambia anifundishe upande wetu, ule ambao ungeimbwa kama watu wa Owori wangekuja. Akaogopa, maana naye ameokoka. Akaangalia njia kama mtu anayepitisha magendo. Lakini akanifundisha, mstari kwa mstari, na mikono inavyopigwa. Akanionya jambo moja. "Huu hauimbwi na mtu mmoja, mama. Ukiuimba peke yako ni matusi tu. Ukijibiwa ndiyo unakuwa baraka."

Nikamwambia basi watasikia matusi.

Ndugu zangu, huo ndio wimbo niliouchagua. Sikuuchagua kwa sababu nimerudi kwenye mizimu, kama ilivyosemwa kwenye kikao chenu. Waliuliza mimi ni nani. Mimi ni mama wa mapacha, na wimbo wa mama wa mapacha ni ule.

Nikaenda Tororo na watoto wangu wote wawili, maana hakuna jirani aliyekubali kubaki nao kabla mambo yao hayajafanywa. Odongo mgongoni, Apio mkononi. Ukumbini tulipanga foleni wasichana na kina mama wengi, wengine wamepaka rangi ya mdomo, wengine wanarudia maneno yao kimoyomoyo kama mimi. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa Kipadhola, mkubwa kwangu, jina lake Athieno. Aliwaangalia watoto, akaniuliza kama wameshatolewa nje. Nikamjibu hapana, baba yao amewakana. Nikadhani atasogea mbali. Hakusogea. Zamu yangu ilipofika aliwapokea wote wawili, akaniambia niende, asiniulize tena chochote.

Ndani kulikuwa na waamuzi wawili: mwanaume anayeongoza mchezo, na mwalimu mmoja mama mtu mzima mwenye miwani. Mwanaume akauliza nimeleta wimbo gani. Nikasema wimbo wa mapacha. Akaandika. Yule mwalimu hakuandika. Alivua miwani akaniuliza, "Nani atakujibu, binti?"

Nikasema, "Hakuna."

Nikaanza. Ndugu zangu, kwanza sauti ilitoka imekwaruza kama mlango wa chuma, kisha ikanyooka. Niliimba kwa Kisamia, lakini nitawaambia kwa Kiswahili ili wasinisingizie. Niliimba: nyie watu wa kule, kuku mliyemleta yuko wapi, mmemla njiani na manyoya! Niliimba: mama yenu anapika kunde zikigoma kuiva, baba yenu tumbo linaingia nyumbani mbele yake! Niliimba: kijana wenu alikuja kwetu kwa miguu miwili, akatukimbia kwa minne!

Hapo ndipo wimbo unasimama. Unapiga makofi mara kadhaa unangoja upande wa pili. Nikapiga makofi. Yule mwanaume akaangalia karatasi yake. Nikapiga tena, na nikaona shangazi alisema kweli, nimekuja kumwaga matusi mbele ya wageni, na machozi yakaanza kunilengalenga.

Kisha mlangoni nikasikia sauti nzito ya mwanamke, kwa Dhopadhola, lugha ya Wapadhola: nyie Wasamia, mmetuletea binti anayenuka samaki wa omena mpaka ng'ombe wetu wamekataa majani!

Alikuwa Athieno, mtoto wangu mmoja kiunoni na mwingine mgongoni. Na nyuma yake foleni nzima! Wale wasichana waliokuja kushindana na mimi, wenye kuitaka nafasi ile ile ninayoitaka, waliacha foleni wakajaa mlangoni wakajipanga kama ukoo wa mwanaume. Wakanitukana, ndugu zangu. Walinitukana ninavyokula, nilivyo na miguu kama mchi, na kwamba nilizaa wawili kwa uroho wa kutaka kumaliza watoto wa watu. Nami nikawajibu! Wale wa Kisamia waliokuwemo wakavuka wakaja upande wangu. Tukatukanana mpaka ukumbi unatetemeka.

Yule mwanaume akasimama akasema huu si utaratibu, mtu aimbe peke yake. Mwalimu hata hakumgeukia.

"Wewe kaa," akamwambia. "Hili halikatizwi katikati. Unataka watoto wapate shida?"

Akakaa.

Tulipomaliza, tukacheka. Wanawake nisiowajua walinikumbatia. Athieno akaniwekea Apio mkono huu na Odongo mkono huu, akanitoa nje ya ukumbi mchana kweupe, mbele ya watu wa bodaboda, akatangaza kwamba mama wa mapacha ametoka. Wale vijana wakapiga honi. Basi. Mambo ambayo koo mbili na kanisa moja walishindwa kunifanyia, walinifanyia wapinzani wangu.

Nafasi nimeipata. Na Athieno naye wamempa, atakuwa mama mkwe wangu katika mchezo, tunagombana jukwaani kila jioni ya mazoezi, na ananishinda. Niliporudi nyumbani, shangazi alikuja, akasikiliza yote, akauliza kama walijibu mpaka mwisho. Nikasema mpaka mwisho. Akavua ndala akaingia ndani. Wako wazee wa ukoo wanaosema haihesabiki kwa sababu watu wa Owori wenyewe hawakuwepo. Wao wahesabu wanavyotaka. Watoto wangu wameshatoka nje, hawarudi ndani.

Na nyinyi wazee wa kanisa mmeniita kwa sababu nimetukana. Ndiyo, nimetukana. Wimbo wote ule hamna neno baya kama lile mlilowaita wanangu kwa kukosa baba kwenye kikao chenu, na nyinyi mlilisema bila kuimba. Mmesema ni upagani. Je, siku zile nimenyamaza kama maiti, ndipo mliniona Mkristo? Nilimwomba Mungu anirudishie sauti. Niliomba humu ndani, kwa kunong'ona, maana mlinikataza kupaza sauti. Akanijibu Tororo, kwa kinywa cha mwanamke aliyebeba watoto wangu. Mimi simpangii Bwana mahali pa kujibia, na nyinyi msimpangie.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kwa Athieno, kwa mwalimu yule wa miwani, kwa kila msichana aliyeacha foleni. Utukufu ni wake peke yake.

Na kama yupo binti hapa asubuhi hii, sisemi yupo, lakini kama yupo, amesimama kwenye kwaya anavuta joho mbele ili lisionyeshe, nataka anisikie. Watakuvua. Usiku huo utataka kufa. Usife, na usinyamaze hata siku moja kama nilivyonyamaza mimi. Mtumaini Bwana, mlangoni pake hakuna mzee wa kanisa anayekagua tumbo. Nyumba yangu iko nyuma ya soko la mitumba, uliza mama wa mapacha, mtoto yeyote atakuleta. Njoo uimbe unachoweza, hata kama sauti imekwaruza, hata kama ni matusi. Wewe anza tu. Mimi nitakujibu.