Swali la Wabwile: Risala ya Kikundi cha Kukaa na Watu, Kitale na Bungoma

Mgeni rasmi, Baba Askofu wetu,
Wazee wa kanisa, wazazi na ndugu zetu,

Wewe tulikungoja tangu mahindi yalipokuwa yakipaliliwa. Kuna mgeni mwingine ambaye hatukumngoja, na bila yeye tusingekuwa na mengi ya kukuambia leo. Turuhusu tuanze naye.

Ilikuwa Jumamosi mwaka jana, 1993, mchana wa mvua kubwa. Tulikuwa katika chumba kilicho nyuma ya kanisa hapa Kitale, tukinywa chai. Mama mmoja akaingia bila kubisha. Leso yake ilikuwa kavu kabisa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nyinyi ndio mnaongea na watu bila kuwapigia kelele?"

Tukasema ni sisi.

"Basi kuna mtu kwangu anataka kuongea. Mimi ameshanichoka."

Huyo ndiye Mama Nekoye, mkulima wa upande wa Kachibora. Pamoja naye tunakuambia: karibu sana.

TULIKOTOKA

Sisi ni vijana tuliomaliza chuo kikuu tukarudi nyumbani, wengine hapa Kitale, wengine Bungoma. Wengi wetu bado tunatafuta kazi. Tuliona krusedi za mahubiri zikija uwanjani na vipaza sauti, watu wakiinua mikono wakilia, na Jumatatu hakuna aliyejua wanaishi wapi. Tukaona tujaribu njia ya polepole. Tunamtembelea mtu mpaka atuzoee. Tunasikiliza. Akiuliza swali, tunajibu lile aliloliuliza, si lile tulilojiandaa kulijibu. Tusilolijua tunasema hatulijui.

Tuna sheria moja tu. Swali likishaulizwa kwetu haliachwi mpaka mwenyewe aseme ameridhika.

MATUNDA

Kule Bungoma yuko Festus, fundi wa baiskeli. Siku ya kwanza alitufukuza. "Mkishaniokoa mtaenda kuokoa mwingine, na mimi mtaniacha na nani? Kaeni kwanza, bana. Shika hii gurudumu." Tulishika magurudumu msimu mzima, huku akituuliza kwa nini Mungu anayejua yote anataka aombwe. Hatukumshinda kwa maneno, na hatukutaka kumshinda. Siku moja alisema ameanza kuomba, kuona tu kama kuna anayesikiliza. Alibatizwa Disemba iliyopita, na bado anatutania: "Watu wa digrii, leo mmeleta jibu ama mmeleta njaa tu?"

Wapo wengine kama yeye. Hatuwataji kwa sababu bado wanatafakari, na hatutaki kuwaharakisha.

YALIYOTUPATA KACHIBORA

Tulimfuata Mama Nekoye watatu: Bramwel, Chepkemei na mimi ninayesoma. Ilikuwa saa nane mchana lakini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilima vya Cherangany mpaka usawa wa ua. Boma za jirani hazina watu tangu mapigano ya kikabila ya 1992. Shamba la mama halijalimwa tangu wakati huo, lakini mahindi yalikuwa yamesimama ndani yake kwa mistari iliyonyooka. Tulimuuliza nani alipanda. Akasema, "Hata mimi nilidhani ni nyinyi."

Yeye alibaki nyuma akifunga lango kwa waya. Sisi tukafika mlangoni na kwa mazoea tukabisha hodi. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka ndani: "Karibuni." Kufuli ilikuwa bado inaning'inia mlangoni, kwa nje.

"Si ni redio?" Bramwel akasema.

Mama alikuwa amefika na ufunguo. "Redio walienda nayo wale wa mapigano," akasema, akafungua.

Ndani hamkuwa na mtu. Alitukalisha, akatumiminia chai, kisha akainamisha kichwa kuelekea mlango wa chumba cha pili, kama mtu anayeitwa. "Anauliza, Bramwel, mpaka leo unapuliza chai hata ikishapoa?"

Baba Askofu, hakuna aliyekuwa amemtajia mama jina la Bramwel. Kikombe kilikuwa bado mdomoni mwa Bramwel.

"Mama," Bramwel akasema, "huyo anayeuliza anaitwa nani?"

"Unaniuliza mimi? Si mmelala chumba kimoja miaka yote ya chuo."

Ni Wabwile, mwanawe. Alikuwa rafiki wa Bramwel chuoni, na walibishana kuhusu imani mpaka siku ya kumaliza chuo. Bramwel hakuwahi kufika kwao, na habari za rafiki yake zilikuwa zimempotea. Jioni moja ya mapigano Wabwile alitoka kwenda kuwaonya majirani. Hakurudi. Mwili haukupatikana, kwa hiyo hakuna kaburi, na hakuna mazishi ambayo watu wangekuja kukaa na mama yake.

Mama akatuletea swali la mwanawe. Tukaanza kumjibu yeye, akatukatiza. "Si mimi nimeuliza. Geukeni huko."

Tukageukia mlango ule. Tukajaribu mistari ya Maandiko tunayoijua, tukaona haifiki. Mwishowe tukasema ukweli, kwamba hatujui. Tukasikia ndani kiti kikivutwa, kama mtu anayeamua kukaa asubiri.

Chepkemei akainuka. Akauambia ule mlango, "Tutamuuliza mkubwa wetu wa kanisa. Akija, tutamuuliza mbele ya watu, vile vile ulivyouliza."

YANAYOTUSUMBUA

Habari zilipofika kanisani, watu walitumwa kwenda kukemea pepo katika nyumba ile. Walikwenda kwa nia njema, na ngoma, wakakemea mpaka jua likainama. Tulipokwenda baadaye tulimkuta mama ameketi chini, sikio limebanwa kwenye mlango wa chumba cha pili. "Mmemtisha," akatuambia. "Sasa anaongea chini chini, sisikii." Amekonda. Tunaogopa kwamba siku moja tutabisha hodi na tutajibiwa na wawili.

Kanisa limemtenga na Meza ya Bwana mpaka akiri kwamba anaongea na shetani. Hatuwadharau wazee wetu. Maandiko yanatukataza kuwauliza wafu, nasi hatujamuuliza yeyote kitu. Sisi ndio tunaoulizwa. Huenda ni huzuni ya mama inayojisemea. Huenda ni jambo tusilolielewa. Lakini swali ni la kweli hata kama hatumjui mwenye sauti, na mama aliyebeba swali peke yake katika nyumba ile anahitaji watu kabla ya kuhitaji hukumu.

MAOMBI

Tunaomba Mama Nekoye arudishwe Mezani. Tunaomba pia wewe mwenyewe ufike kwake, ukae, unywe chai, usikilize. Hata ukimwambia hujui, atakuwa ameambiwa na mtu aliyekuja. Yuko hapa leo, karibu na mlango. Ametuomba kiti cha kushoto kwake kisikaliwe, nasi tumekiacha.

Ombi la tatu wazee walituomba tuliondoe. Walipoisoma risala hii walisema si heshima kumuuliza mgeni rasmi jambo kama hili hadharani, na kwamba tukilisoma, chumba kitafungwa na kikundi kitavunjwa. Tuliwasikiliza, tukajadiliana nao kwa upole, na hatukuafikiana. Chumba hicho ndicho pekee tulicho nacho. Lakini tuliahidi, na hatujui namna ya kumwambia mtu kuhusu Mungu mwaminifu huku tukimvunjia ahadi. Hatulisomi ili tumlaumu yeyote aliye hapa au asiye hapa. Tunalisoma swali la Wabwile kama lilivyoulizwa:

"Wale waliokuja jioni ile walikuwa wakiimba wimbo tulioimba nao kanisani Jumapili. Aliyekuwa akiwasikiliza wao, ndiye aliyekuwa akinisikiliza mimi?"

Baba Askofu, ufunguo wa chumba tumeuweka mezani mbele yako, ili wazee wasipate taabu ya kuuomba.

Mungu akupe maneno, na yakikosekana akupe utulivu wa kukaa nasi bila maneno. Awalinde wote watakaorudi nyumbani kupitia njia ya Kachibora.

Ni sisi,
Kikundi cha Kukaa na Watu,
Kitale na Bungoma, 1994.