Inspekta Keneuoe na Pini ya Begani

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha Ha Rapokane, Inspekta Keneuoe Motaung anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa Agosti. Wakubwa walitaka wasifu wake uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Wao wanamfahamu kwa cheo, mimi mpishi namfahamu kwa tumbo. Kwa hiyo naandika mimi, Mme Matumelo, yaani Mama Tumelo, na asiyependa mwandiko wangu angeandika wake.

Keneuoe alizaliwa hapa hapa, ng'ambo ya mto, akachukuliwa na mama yake kwenda Uingereza akiwa mdogo, akakulia huko mpaka akawa mpelelezi. Alirudi Lesotho katikati ya theluji na viatu vya kwendea harusini. Farasi aliyepewa alimtazama mara moja tu, akageuka akamrudisha zizini. Ugali akaula kwa uma. Nikamwambia, "Binti, mikono umenawa, huo uma wa nini?" Akacheka, akauweka chini. Nikaona huyu hajaharibika moja kwa moja.

Polisi wa Maseru, mji mkuu, walimleta kwa sababu kesi iliyokuwepo hakuna mpelelezi mwingine aliyeitaka. Ntate Thesele, mzee wetu aliyegombea kiti cha baraza, alikuwa ameokotwa chini ya jabali la mto, amekufa. Kila mkutano alikuwa akiuliza kwa nini maji ya bwawa yanapita mlangoni petu kwenda mjini na sisi tunavunja barafu kisimani. Ntate Sekhobe, mwenyekiti wa chama tawala wilayani, hakulipenda swali hilo. Baada ya mauaji akatangaza kwamba alikuwa Maseru juma zima, akaapa, na kwamba Thesele ameuawa na walevi wenzake.

Mlevi aliyepatikana ni mwanangu Tumelo, kwa kuwa aligombana na marehemu kwenye pombe kwa ajili ya farasi. Waume wa hapa, nani hajagombana kwa ajili ya farasi? Lakini adhabu ya mauaji ilikuwa kamba ya shingoni. Nilimpikia mwanangu na polisi waliomfunga katika sufuria moja, nikapeleka sahani mahabusu, nikarudi kuosha vyombo. Na nyinyi wafanyakazi wa siku zile mnaosoma hapa, msijifanye mlikuwa upande wetu. Nawakumbuka wote. Nilikuwa nawapakulia.

Sasa, watu wa hapa wanamjua Ntate Sekhobe kwa jambo moja. Hakuweza kumvumilia mtu aliyevaa ovyo blanketi, vazi letu la heshima. Kanisani, msibani, sokoni, popote, atakusimamisha akunyooshe kama mtoto. "Mistari isimame! Mwanamume, pini begani kulia! Wewe ni Mosotho au mzigo?" Keneuoe alipokwenda kutoa pole kwa mjane, Mme Malineo, yeye inspekta alikuwa amejifunga blanketi mistari imelala kama kamba za kuanikia nguo. Sekhobe alikuwepo, amekuja kulia machozi ya chama. Akaacha kulia, akamrekebisha mbele ya watu wote, akarudi kulia.

Mjane akasema kwa uchungu, "Hata mume wangu, huyu Ntate Sekhobe alimfanya hivyohivyo kila walipokutana. Na marehemu bega la kulia lilivunjikia mgodini, pini alifunga kushoto maisha yake yote. Hata asubuhi ile nilimfunga mimi mwenyewe, kushoto."

Keneuoe alirudi kituoni akatoa picha za maiti kwenye faili. Pini ilikuwa begani kulia, imekaa vizuri, mistari imesimama. Sote tulikuwa tumeiona siku ile pale mtoni, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu ndivyo blanketi linavyotakiwa kukaa! Hata mimi, mama wa mshitakiwa, niliangalia nikaona sawa tu.

Simu zikaanza kutoka mjini: funga faili, kijana yupo. Keneuoe alikuwa akijibu, "Haloo? Haloo? Upepo, mkubwa, sisikii!" na simu iko wazi kama kengele. Nilikuwa namletea chai, nikamwona anakunja uso kwa kujizuia asicheke.

Siku ya mkutano wa kijiji, mbele ya chifu, wote tumekaa chini, akasimama kutoa salamu za polisi. Akasema kwa sauti tamu kama anagawa zawadi, "Kabla ya yote, nampongeza Mme Malineo. Huyu mama, siku ile ya mwisho, alifaulu kumvalisha mumewe kama Mosotho kamili. Pini kulia! Heshima hiyo ni yake peke yake."

Mjane akamkodolea macho. Mimi nikafikiri Uingereza imemrukia kichwani.

Lakini Ntate Sekhobe alishainuka. Sifa ya kazi yake kupewa mwanamke, mbele ya chifu! "Malineo? Malineo yupi? Huyo alimtoa nyumbani kushoto kama kawaida yake! Ni mimi niliyemfunga! Ni mimi niliyem..."

Chifu akauliza polepole, "Ulimfungia Maseru, Ntate?"

Dereva wa Sekhobe ndiye aliyeeleza yaliyobaki, kabla hata pingu hazijafungwa: mkubwa wake na marehemu walivyobishana pale juu jabalini, mkubwa alivyomsukuma, halafu alivyoshuka hadi chini, akamkuta ameshakata roho, na blanketi limekaa vibaya. Akashindwa kumwacha hivyo. Adabu gani hiyo, mtu unamuua kisha unaona aibu ya pini!

Tumelo alilala nyumbani siku hiyohiyo. Maji ya bomba tulikuja kuyapata baadaye, na kwa kelele nyingi.

Tangu hapo Keneuoe amekamata wezi wa farasi bila yeye mwenyewe kujua kupanda vizuri, na amewafundisha vijana wa kituo kuandika ripoti zinazosomeka, isipokuwa wale ambao hawafundishiki, na wanajijua. Ugali anakula kwa mkono. Blanketi bado hajui. Miaka ishirini na mitatu! Nimechoka kumwambia.

Inspekta, asante. Neno lenyewe ni dogo, lakini sina sahani kubwa kuliko hiyo. Nenda ukapumzike, ulime, ulale hadi jua litoke, na afya ikae nawe. Ijumaa kituo kitakupa blanketi jipya. Atakayekuvika ni Tumelo, ambaye sasa ana mvi kichwani na wajukuu wangu nyumbani. Nimemwambia afunge pini upande wowote anaotaka, na mtu wa kijiji hiki asithubutu kunyoosha mkono kumrekebisha.